Geuka Leo, Wewe Unayebanwa Kifua!

Wewe uliyeamka usiku wa manane ukakaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, mabega yamepanda, ukivuta hewa isiyoingia! Wewe uliyemwambia jirani asubuhi, "Aah, ni kifua tu"! Wewe uliyepita duka la dawa muhimu ukanunua vidonge viwili, ukavimeza kwa maji ya kandoro, ukaenda zako karashani kuponda mawe ya dhahabu! Ninasema na wewe.

Unajua kwamba si kifua tu. Tabibu wa zahanati amekwambia, muuguzi wa Kahama amekuandikia, mwili wako mwenyewe unakukumbusha kila wiki. Habari hukukosa, ndugu yangu. Ulichokosa ni kuinuka!

Una pumu. Ni ugonjwa wenye jina, wenye sababu, wenye dawa. Mwaka 2019 uliwaandama watu milioni 262 duniani na ukaua 455,000, na wengi wa waliokufa walikuwa watu wa nchi kama yetu, ambako dawa ipo lakini mgonjwa hajaifikia, au ipo mfukoni lakini siyo ile inayotakiwa, au ipo kabatini na mwenyewe anaiogopa. Wewe uko kundi lipi?

Usiniambie bado unafikiria. Umefikiria kiangazi chote! Vumbi la barabara ya Kakola limekukuta unafikiria, baridi ya Juni imekukuta unafikiria, mvua za kwanza zimekukuta unafikiria. Pumu haikungojei umalize.

Sikiliza kinachotendeka ndani yako, kwa maana ukikijua hutaweza tena kukaa.

Unavuta vumbi la nyumbani. Ndani ya vumbi lile kuna kinyesi cha utitiri, vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyoishi kwenye godoro na mto wako. Kuna vipande vya mende. Kuna chavua ya nyasi na mbegu za ukungu. Kwa jirani yako hivyo vyote si kitu. Kwako wewe, seli zenye matawi zilizojipanga kwenye ukuta wa mirija ya hewa huikamata chembe ile, huipeleka kwenye tezi, huionyesha kwa seli T, askari wa kinga yako. Na seli T zako hukosea! Huona kipande cha mende, huhesabu kwamba ni adui wa kuua.

Zikishakosea hutoa amri, na amri zake ni kemikali: intaleukini 4, intaleukini 5, intaleukini 13. Ya 4 husukuma kutengenezwa kwa kingamwili iitwayo IgE. Ya 5 huziita eosinofili, aina ya seli nyeupe za damu, kutoka kwenye uboho wa mifupa, zije kifuani kwa wingi. Ya 13 huifanya mirija imwage ute mzito na kuifanya misuli yake iwe tayari kubana kwa jambo dogo.

IgE hiyo waliitambua Kimishige Ishizaka na mkewe Teruko, Wajapani waliokuwa wakifanya kazi Denver, Marekani, mwaka 1966. Hujibandika juu ya seli za masti, zilizotapakaa kwenye kuta za mirija yako, ikakaa pale ikingoja. Siku unapovuta tena vumbi lile, chembe inanasa juu ya IgE, seli ya masti inamwaga histamini na leukotrieni, na ndani ya dakika chache misuli imekaza, kuta zimevimba, ute umejaa. Huo ndio mluzi unaousikia ukitoa pumzi!

Unapuliza inhela ya bluu. Unapata nafuu. Unasema yamekwisha.

Hayajaisha! Muda wa saa 4 hadi 8 baadaye zinafika eosinofili zilizoitwa. Zinamwaga sumu zake kwenye ukuta uleule, zinauchubua, zinauvimbisha upya. Ndiyo maana ulibanwa mchana ulipofagia, ukapata nafuu jioni, ukabanwa vibaya zaidi usiku. Ulidhani ni uchawi wa usiku. Ni eosinofili!

Na siku ambazo hupigi mluzi kabisa, siku unazocheka, unazobeba mifuko, unazosema "nimepona", uvimbe upo palepale ndani ya ukuta. Unakula taratibu. Miaka ikipita ukuta unanenepa, misuli inakua, kovu linajijenga, na mrija uliokuwa ukifunguka kwa dawa haufunguki tena sawasawa. Kila mwaka unaouahirisha unauandika mwenyewe kifuani mwako!

Usiulaani mwili wako kwa hili. Jeshi hilo la IgE na eosinofili lina kazi yake halali, nayo ni kupambana na minyoo, na sisi wa Kanda ya Ziwa tunaoishi na kichocho tunajua minyoo ni kitu gani. Watafiti waliowapima watoto wa Gabon, wakachapisha mwaka 2000, walikuta wale wenye kichocho ngozi zao hazikuamka sana kwa utitiri kama za wenzao, kwa sababu mnyoo hujilinda kwa kuituliza kinga ya mtu. Haina maana kwamba ubaki na minyoo, la hasha! Meza dawa ya kichocho, kinaharibu ini na kibofu. Ina maana kwamba pumu si laana, si kijicho cha shangazi, si ugonjwa wa kuambukizwa kwa kikombe. Ni kinga iliyokosea adui. Na kosa hilo lina dawa!

Wewe mchimbaji unayeshuka duarani, ndani ya shimo la dhahabu, nikuulize. Nani kati yenu anashuka kwenye duara lisilo na matimba, miti ya kulishikilia, kwa sababu tu jana halikutitia? Nani anangoja udongo uanze kudondoka ndipo aende kukata miti? Mnapiga matimba duara likiwa limetulia! Mnayapiga hatua kwa hatua, mnayakagua kila mnaposhuka, na anayepuuza mnamtoa kazini.

Basi inhela ya kuzuia, ile ya kila siku, ndiyo matimba ya mirija yako. Ile ya bluu ni kamba ya kukuvuta juu wakati udongo umeshaanza kushuka. Kamba ni njema, usitembee bila hiyo! Lakini anayeshuka kwa kutegemea kamba peke yake, siku moja haitamfikia.

Uzijue kwa majina. Ya bluu ni salbutamoli, iliyoanza kuuzwa mwaka 1969. Inalegeza misuli ya mirija ndani ya dakika chache, na nguvu yake huisha baada ya muda wa saa 4 hadi 6. Uvimbe haiugusi. Eosinofili haizigusi. Kosa la seli T haliligusi. Ya pili ni steroidi ya kuvuta: beklometasoni, iliyoingia kwenye inhela mwaka 1972, au budesonaidi. Hiyo ndiyo inayoingia ndani ya seli, inayozima amri za intaleukini, inayopunguza eosinofili, inayoshusha uvimbe. Mara nyingi kopo lake ni la kahawia, lakini rangi hubadilika kwa kila kiwanda, kwa hiyo soma jina!

Haikupi nafuu palepale, na hapo ndipo wengi wanapoanguka. Wanaivuta siku tatu, hawasikii kitu, wanaisukumia nyuma ya kabati. Ivute wiki! Ivute mwezi! Ivute ukiwa mzima, kwa sababu ukiwa mzima ndipo inapofanya kazi yake!

Miaka 50 dunia iliegemea ile ya bluu. Mwaka 2019 GINA, chombo cha kimataifa kinachoandika miongozo ya pumu, kikasema wazi: mtu mzima, na kijana kuanzia miaka 12, asitibiwe tena kwa dawa ya kulegeza peke yake. Apewe na steroidi ya kuvuta. Ipo hata inhela moja yenye vyote viwili, budesonaidi pamoja na formoteroli, unayoweza kuivuta kila siku na kuivuta tena ukibanwa. Muulize daktari kwa jina lake!

Uingereza, nchi yenye magari ya wagonjwa kila kona, ilichunguza vifo 195 vya pumu na kutoa ripoti mwaka 2014. Karibu nusu ya watu wale, asilimia 45, walikufa kabla hawajaita msaada au kabla msaada haujawafikia. Na kati ya waliojulikana idadi ya inhela zao, asilimia 39 walikuwa wameandikiwa zaidi ya inhela 12 za kulegeza katika mwaka wao wa mwisho.

Inhela 12! Moja kila mwezi! Hesabu zako, ndugu yangu. Hesabu makopo matupu yaliyo dirishani. Ukimaliza matatu kwa mwaka, hali yako haijatulia. Ukimaliza moja kila mwezi, uko kwenye njia ya wale. Hufanikiwi, unaponea chupuchupu!

"Lakini inhela ni ya watu wa mwisho." Nani alikwambia? "Ukianza huachi." Nani alikwambia? "Inhela inaua, mjomba alikufa ameishika mkononi." Alikufa ameishika, ndiyo, lakini aliishika amechelewa, na aliyoishika ni ya bluu, na ya kuzuia hakuwahi kuigusa! Uongo huu umezika watu wengi katika nchi hii, na unaendelea kusemwa kwenye vijiwe vya kahawa na watu wanaovuta hewa bila taabu. Steroidi ya kuvuta haikufanyi teja. Baada ya kuivuta sukutua mdomo na uteme maji, usipate utando mweupe wa fangasi kinywani. Hilo ndilo sharti lake kubwa.

Na ajabu ni hii. Unaogopa mikrogramu 200 zinazokwenda moja kwa moja kifuani, kisha unakwenda dukani kununua prednisoloni, unameza miligramu 20, mara mia ya dozi ile, zinatembea mwili mzima! Prednisoloni ni dawa ya kweli wakati wa shambulio, kwa siku chache, kwa mkono wa tabibu. Ukiinunua mwenyewe mwezi baada ya mwezi inapandisha sukari, inadhoofisha mifupa, inaleta mtoto wa jicho. Acha! Acha leo! Lakini kama umeimeza kwa muda mrefu usiikate ghafla, mwambie daktari aishushe polepole.

Mwaka 2011 magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500. Tulikwenda kwa malori, tulikwenda kwa mabasi, tulibeba wagonjwa wetu mgongoni. Sikuhukumu kwa kwenda; mwenye maumivu hutafuta. Lakini hadi leo hakuna utafiti ulioonyesha kwamba kikombe kile kilimwondolea mtu pumu. Na wewe bado unazunguka! Leo mizizi, kesho mafuta, keshokutwa unafunikwa blanketi ufukizwe moshi wa majani, moshi, kwa mtu mwenye pumu! Toka chini ya blanketi hilo!

Unasali? Sali. Msikitini au kanisani, mwombe aliyekupa pumzi. Kisha upulize dawa yako. Aliyeiweka akili ya kutengeneza dawa ndiye unayemwomba.

Sasa tuingie karashani.

Mwanamke amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mtoto mgongoni kwenye kitenge. Mbele yake lundo la mawe yaliyopandishwa kutoka duarani. Anaponda kwa nyundo, anajaza kiroba, kiroba kinamiminwa kwenye karasha, na wingu jeupe linapanda hadi paa la turubai. Nyusi zake ni nyeupe. Kope za mtoto ni nyeupe. Amejifunga kitambaa puani na anaamini amejikinga. Mama yangu, hujajikinga! Vumbi linaloua ni lile dogo lisiloonekana, nalo linapita kwenye kanga na kwenye leso bila kizuizi.

Vumbi hilo lina silika. Kwa mwenye pumu linachochea mirija inayowaka tayari. Kwa asiye na pumu linatua chini kabisa kwenye mapafu na kujenga makovu yaitwayo silikosisi, na makovu hayo hakuna dawa ya kuyaondoa. Tena silika humdhoofisha mtu mbele ya kifua kikuu. Kwa hiyo wewe wa machimboni, kuanzia Bugarama hadi Nyarugusu na Rwamgasa upande wa Geita, usijitibu pumu kwa kukisia! Unakohoa wiki mbili? Unakonda? Unalowa jasho usiku? Kapime makohozi. Kipimo cha kifua kikuu hakilipiwi, na dawa zake hazilipiwi. Unangoja nini?

Ninyi wenye makarasha, maji mnayo! Yanapatikana kwenye mwalo kila siku, mnayatumia kuosha dhahabu. Mwagieni mawe kabla ya kuponda, lowesheni sakafu kabla ya kufagia, wekeni mashine upande ambao upepo unapeleka vumbi mbali na watu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu 2003 na inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake. Lakini hata bila sheria, mnawajua hawa kwa majina. Mnawaita mama mdogo, kaka mkubwa. Ondoeni watoto kwenye wingu hilo leo jioni!

Na wewe unayechoma zebaki kwenye sufuria sebuleni, na mtoto wako anakohoa chumba cha pili: mvuke ule unachoma mapafu na unaharibu akili ya mtoto. Sina maneno marefu. Toa nje!

Turudi jikoni. Usukumani miti iliisha zamani. Ndiyo maana mradi wa HASHI ulianza mwaka 1986 kuirudisha ardhi ya Shinyanga na ngitili zake, yaani malisho yanayotengwa na kuhifadhiwa. Katika miaka ya uhaba huo tulijifunza kupikia mabua ya pamba, mabua ya mahindi, kinyesi cha ng'ombe kikavu. Moshi wake mnaujua, unatoa machozi. Sasa fikiria mtoto wa miaka mitatu mwenye pumu, anayelala kwenye mkeka kando ya mafiga kwa sababu ndipo mama alipo. Serikali ina Mkakati wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, na lengo lake ni asilimia 80 ya kaya. Njema! Lakini mtoto wako hatangoja 2034. Toboa dirisha la pili wiki hii. Hamishia jiko nje siku isiyo na mvua. Kausha kuni vizuri. Mtoe mtoto jikoni!

Zima sigara, wewe baba. Usiniambie unavutia mlangoni. Zima dawa ya mbu ya kuchoma, tumia chandarua. Toa kuku chumbani. Anika godoro juani, fua mashuka kwa maji ya moto, futa vumbi kwa kitambaa kibichi badala ya kulipandisha kwa ufagio. Mafua ndiyo kichochezi kikubwa kuliko vyote, kwa hiyo familia ikipata mafua, mwenye pumu asikose inhela yake ya kuzuia hata siku moja. Na ukienda kununua dawa ya maumivu, sema kwanza, "Nina pumu!" Aspirini na diklofenaki huwabana baadhi ya watu vibaya sana. Propranololi, inayotolewa kwa presha na moyo, inaweza kukubana pia. Sema, usione haya!

Mji unakua, na kifua kinaona. Utafiti wa watoto wa shule nchini Kenya, uliochapishwa mwaka 1998, ulikuta watoto wa Nairobi wakibanwa zaidi baada ya kukimbia kuliko wenzao wa vijijini Murang'a. Kahama inakua. Kakola inakua. Malori yanaongezeka, vyumba vinabanana, magodoro ya sponji yanajaa. Tusijidanganye kwamba huu ni ugonjwa wa Nairobi tu!

Dada mjamzito, wewe hasa! Umeambiwa uache inhela kwa sababu ya mtoto tumboni. Usiache! Ukikosa hewa wewe, anakosa hewa yeye. Endelea na dawa yako ya kuzuia, na umwambie mkunga kliniki.

Mama mwenye mtoto mdogo asiyejua kuvuta inhela, nipe mkono, nikuonyeshe kitu. Chukua chupa ya maji ya nusu lita. Ioshe kwa maji ya sabuni, iache ikauke yenyewe, usiifute. Pasha waya motoni, toboa kitako cha chupa tundu lenye umbo la mdomo wa inhela, lisiwe pana. Ingiza inhela ikaze, zungushia tepu pasiwe na mwanya. Mdomo wa chupa ndio unaoingia mdomoni mwa mtoto. Mkalishe wima. Tikisa inhela, bonyeza mara moja tu, mwache avute na kutoa pumzi taratibu mara tano au sita ndani ya chupa. Kisha tikisa tena, bonyeza tena. Heather Zar na wenzake wa Cape Town waliipima chupa hii kwa watoto waliobanwa, wakachapisha mwaka 1999: nafuu waliyoipata ilikuwa sawa na ya kifaa cha kununua. Chupa ya nusu lita! Zimejaa barabarani, tunazikanyaga!

Na chupa hiyo si ya mtoto tu. Mtu mzima anayebonyeza inhela na nusu ya dawa ikabaki ulimini, atumie chupa naye. Hakuna aibu.

Huko duniani sasa zipo sindano zinazoikamata IgE yenyewe tangu 2003, na nyingine zinazozuia intaleukini 5. Bei yake bado ni mlima kwetu. Lakini wengi wetu hatuhitaji sindano hizo! Tunahitaji kopo la steroidi, chupa safi na moyo wa kutoahirisha.

Sasa uzijue dalili za hatari, uziweke kichwani kabla ya usiku kuingia. Mgonjwa hawezi kumaliza sentensi. Mbavu za mtoto zinaingia ndani kila anapovuta. Midomo na kucha zinageuka rangi. Anasinzia, anachanganyikiwa. Na hii iogope kuliko zote: alikuwa anapiga mluzi, ghafla kifua kimenyamaza, na bado anahangaika. Mama anashukuru kwamba mluzi umekwisha, kumbe hewa haipiti kabisa! Usimpe dawa ya usingizi. Usimlaze chali. Usimsubirie mganga wala shemeji. Mkalishe, mpulizie salbutamoli kwa chupa. Mtu mzima mipulizo 4 hadi 10, kila dakika 20 katika saa ya kwanza, na hayo yote yafanyike huku safari imeshaanza!

Namba ya boda unayo? Ya mwenye gari jirani unayo? Iandike ukutani kwa mkaa ikibidi. Usiku wa shambulio si wakati wa kutafuta namba.

Najua hela ni ngumu. Najua mawe mengine hayatoi kitu mwezi mzima. Lakini hesabu nauli ya dharura ya usiku, hesabu siku ulizolala bila kazi, hesabu vidonge ulivyonunua viwiliviwili mwaka mzima, na uniambie kama kopo moja la kuzuia limezidi hapo. Na kama una kadi ya bima, kwa nini iko chini ya godoro?

Kwa hiyo kesho asubuhi usipite karashani kwanza. Usingoje mnada, usingoje malipo ya mawe, usingoje ubanwe tena ndipo uaminiwe. Nenda kituoni ukiwa unapumua vizuri! Mwambie tabibu umeamka usiku mara ngapi mwezi huu. Mwambie umemaliza makopo mangapi. Mwambie kazi yako ni ya vumbi, usifiche. Taja beklometasoni, taja budesonaidi, kwa sauti. Akikwambia pale hawana, usirudi nyumbani mikono mitupu: omba barua ya rufaa, na ukishaipata mkononi, panda gari la Kahama siku hiyohiyo!